Moto wa Kumbi na Mtoto Kiziwi

Kipupwe kinapoanza kuvuma juu ya Uwanda wa Makonde, chakula kikiwa kimekwisha kuingia ghalani na shule zikiwa zimefungwa, vijiji vya Mkunya na kata jirani za Newala huanza kuhesabu wavulana waliofikia umri. Kumbi hujengwa mbali kidogo na nyumba, wari hulala huko kwa majuma kadhaa, na moto hauachwi kuzimika. Upande wa Masasi mambo ni yayo hayo, kwa Wamakua na Wayao kama kwa Wamakonde, ingawa nyimbo na majina hutofautiana. Katika hesabu hiyo hutokea akawamo mvulana mmoja asiyesikia. Atakwendaje jandoni, na atatoka na nini, ni maswali yanayoachiwa familia yake peke yake. Sekta ya afya, ambayo siku hizi imetia mkono katika mengi ya jando, hupita pembeni. Hapo pana kosa, kwa kuwa jambo hili ni la afya kabla ya kuwa la mila, na mhudumu wa zahanati ndiye aliye karibu zaidi na jibu lake.

Jando ni shule ya sikio. Mafundisho yake hupitishwa kwa nyimbo, mafumbo na maonyo yanayotamkwa usiku; kungwi huimba, wari huitikia, na asiyeitikia huulizwa kwa nini. Achukuliwe, kwa mfano, mvulana wa miaka kumi aliyepoteza usikivu tangu utotoni baada ya homa ya uti wa mgongo. Nyumbani anazo ishara zake: ya kuomba maji, ya kumtaja babu kwa ndevu zake, ya kusema kwamba tumbo linauma. Akiingia kumbini hakuna azijuaye isipokuwa pengine ndugu yake mmoja. Mchana hufuata wenzake kwa macho. Wakiinama huinama, wakinyamaza hujua kwamba kuna jambo. Giza likiingia, hata macho hayamfai tena. Mwisho wake hutoka kidonda kimepona, amenyolewa, amevishwa nguo mpya na kuchezewa ngoma, na kijiji kizima kinamhesabu kuwa mtu mzima. Lakini yale wenzake waliyoambiwa kuhusu mwili, ndoa, magonjwa ya zinaa na Ukimwi hakuyapata. Ngoma yenyewe aliipata, tena barabara, maana mshindo huingia kifuani na nyayoni, na kinyago cha mapiko hakihitaji sikio. Huenda ndiyo sababu watazamaji hudhani kwamba mtoto huyu hakukosa kitu.

Wapo wazazi wanaokwepa shida hii kwa kumbakiza mtoto nyumbani. Atahiriwe hospitalini, yatoshe. Huruma hii ina gharama kubwa: asiyepitia jando huhesabiwa mtoto hata akiota ndevu, na wenzake wa rika moja huwa na siri, utani na udugu ambao yeye hana. Tena mtu aliyehesabiwa mtoto maisha yake yote ndiye anayefika zahanati akisindikizwa, akaulizwa maswali kwa kupitia kinywa cha mwingine, akapewa dawa ambazo hakuelezwa.

Kwingineko duniani viziwi wenyewe wameifanya kambi kuwa mahali pao. Marekani wapo wanaosafiri kwa magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, wakakusanyika na viziwi wenzao kwa siku kadhaa ili wazungumze kwa mikono yao bila haraka. Tawi la vijana la Shirikisho la Viziwi Duniani, shirikisho lililoanzishwa Roma mwaka 1951, huandaa kambi za watoto na za vijana. Gari-nyumba ni anasa, na mchanga wa barabara za Newala haungelipenda. Kinachofaa kuchukuliwa huko ni taratibu. Watu huketi mviringo ili kila uso uonekane. Mwanga huelekezwa kwa msemaji, wala msemaji hasimami akiupa moto mgongo, kwa kuwa hapo uso na mikono yake hugeuka kivuli. Anayetaka kuangaliwa hugusa bega la jirani, au huwasha na kuzima taa. Usiku kila mmoja hujua nani atamwamsha kwa mkono pakitokea moto au nyoka. Hakuna hata moja kati ya haya lisilowezekana kumbini Mkunya, palipo na moto tayari, na ambako wari kwa kawaida huketi pamoja.

Itasemwa kwamba jando ni la wazee na haliguswi. Historia ya eneo hili yenyewe inasema vinginevyo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alishaanzisha jando la Kikristo tangu alipokuwa padri: kambi ya porini ilibaki, mafundisho na sala vikabadilishwa. Wapo waliompinga, wamisionari na wazee vilevile, lakini jando halikufa kwa kuguswa. Tangu hapo limebadilika tena na tena. Majuma ya kukaa porini yamepunguzwa ili yatoshe katika likizo ya shule, na familia nyingi sasa humpeleka mvulana kwa mhudumu wa afya akatahiriwe kwa ganzi na vifaa safi, kisha ndipo aingie kumbini. Taasisi iliyokubali ganzi na kalenda ya shule haiwezi kushindwa kukubali taa.

Eneo hilihili liliwahi pia kuwa na daktari aliyeijua kambi. Leader Stirling alifika mwaka 1935 kufanya kazi katika hospitali za misheni, kwanza Lulindi, Masasi, kisha Mnero, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Alikuwa pia Skauti Mkuu wa nchi. Kwa mtu kama huyo tiba na kambi ya vijana havikuwa vitu viwili vilivyo mbali. Siku hizi vimetenganishwa mno: mhudumu hutahiri, hufunga kidonda, huandika daftarini, na yanayofuata huyaona kuwa si yake.

Basi na aanze na lililo lake. Msimu wa jando ndio wakati pekee ambapo karibu kila mvulana wa umri fulani katika kijiji hupita mbele ya mtu wa afya. Ni nafasi ya kupima usikivu ambayo hupotezwa kila mwaka. Kipimo cha mnong'ono hakihitaji mashine: mhudumu husimama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, huziba sikio moja, hunong'ona maneno au tarakimu chache, na mtoto huyarudia. Asiyerudia hutazamwa masikio. Huenda ni nta tu. Huenda ni usaha wa miezi mingi uliozoeleka nyumbani kama kitu cha kawaida cha watoto, nao ni ugonjwa unaotibika, na ukiachwa hula usikivu kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na visababishi vinavyozuilika, vikiwamo surua, rubella, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya sikio. Chanjo ya surua na rubella imo katika ratiba ya Tanzania tangu mwaka 2014. Nyongeza yake ni dawa zinazoweza kudhuru sikio, kama vile gentamisini, ambazo mhudumu anapaswa kuzitoa kwa kipimo na kwa sababu.

Kipimo hicho kina faida nyingine isiyotajwa sana. Mtoto anayesikia nusu ndiye anayeadhibiwa zaidi kumbini. Kiziwi kabisa hujulikana na husamehewa. Huyu wa katikati huonekana mkaidi, kwa kuwa jana aliitika na leo haitiki. Neno moja la mhudumu kwa kungwi kabla ya kuingia, kwamba fulani asemeshwe akiwa anatazamwa usoni, laweza kumwondolea fimbo nyingi.

Kwa mtoto asiyesikia kabisa, kabla ya kisu na ganzi kuna jambo la ridhaa. Mwenzake anayesikia huambiwa kitakachotokea; yeye hushikwa. Picha tatu zilizochorwa kwenye karatasi, ishara moja ya maumivu na moja ya damu zilizokubaliwa naye mapema, na ndugu aliyeonyeshwa namna ya kumtazama usiku, hupunguza hofu na hatari pamoja. Kidonda kinachovuja au homa inayopanda kwa mtoto asiyeweza kuita ni hatari isiyo na mlango wa kupigia hodi.

Lipo gumu zaidi, nalo ni la nani atafsiri. Wakalimani wa lugha ya alama ni wachache na wengi huishi mijini. Hata akipatikana mmoja, kama hakupita jandoni hataruhusiwa kusikia ya jandoni, na wazee wana haki yao katika hilo. Njia iliyo bora ni kiziwi mtu mzima wa hapohapo uwandani aliyekwisha kupita kumbi. Huyo hahitaji kibali cha siri, anazo ishara zinazoeleweka, na kwa mtoto ambaye pengine hajawahi kumwona kiziwi mzee, kumwona mmoja mwenye mke, shamba la mikorosho na heshima ni somo kubwa kuliko wimbo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho mahali pa kuanzia kumtafuta. Upande wa unyago jambo ni zito zaidi, maana msichana kiziwi aliyekosa mafundisho huweza kulipa kwa mimba au kwa kushambuliwa na mtu anayetegemea kwamba hatasema. Mfasiri wake awe mwanamke, naye asiwe mama mzazi, kwa kuwa mila yenyewe humweka mama mzazi kando ya mafundisho hayo.

Haya hayaombwi kama hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja kwa pamoja ushiriki katika maisha ya utamaduni, burudani na michezo, pamoja na kutambuliwa kwa lugha za alama na utamaduni wa viziwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Hata hivyo wapo wahudumu wanaoandika "bubu" kwenye kadi ya mgonjwa, neno ambalo viziwi wenyewe hawalitaki na ambalo halimwelezi daktari chochote.

Kisha kuna gari la huduma mkoba. Timu ya masikio ikija vijijini, gari hutangulia na kipaza sauti juu yake, likizunguka kuwaita wenye matatizo ya kusikia wajitokeze. Kiziwi aliye chini ya mkorosho wake huona vumbi. Tangazo hilo lingeweza kupelekwa kwa ujumbe wa simu, kwa karatasi yenye picha ya sikio na tarehe iliyobandikwa dukani na kwenye ofisi ya kijiji, na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua nyumba kwa nyumba nani hasikii. Jioni, elimu ya afya inapotolewa uwanjani, gari hilohilo likiegeshwa nyuma ya watu, taa zake mbili humwangaza anayesema, uso na mikono. Dereva aambiwe tu aziwashe kabla jua halijazama upande wa bonde la Ruvuma.