Rezo ikiishia nyuma ya Lubutu: ramani iko, lakini nani anajua uko wapi?

Kila mwenye kusafiri kutoka Lubutu anajua pahali rezo inaishia. Pale wamotari wanasimamisha pikipiki, abiria wanatoa telefoni, na kila mtu anapiga simu ya mwisho: "Mama, naingia pori sasa. Usiku musinitafute, nitaita nikitoka." Kisha safari inaendelea, na telefoni inabaki kuwa tochi na muziki. Kwenye njia za sekta ya Bitule na za Obokote, kimya hicho kinaweza kuchukua masaa mengi, hata siku mbili kama mvua imenyesha na mito imejaa.

Siku hizi telefoni za kisasa zimefika mpaka kwenye machimbo, na mawazo juu yake ni ya aina mbili. Kuna wanaofikiri kwamba rezo ikikatika, na ramani imekufa. Kuna wengine wanaona alama ya buluu inatembea kwenye ramani na wanafikiri kwamba wako salama. Wote wanakosea, na kosa la pili njo la hatari zaidi.

Ramani haiombi rezo

Satelaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye urefu wa kilomita zaidi ya 20.000, na zinatuma ishara bure, mchana na usiku. Telefoni inasikiliza tu, haitumi kitu juu. Ikisikia satelaiti nne ao zaidi, inahesabu pahali uko. Kinachohitaji intaneti ni mchoro wa ramani wenyewe. Njo maana inafaa kuupakua mbele ya kutoka, ungali Lubutu, Kindu ao Kisangani. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi hiyo, na mchoro ukishaingia unabaki ndani ya telefoni.

Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Bila rezo, telefoni inachelewa kupata alama ya kwanza, na majani mazito ya miti yanapunguza nguvu ya ishara. Dawa yake ni kusimama pahali peupe, kwenye kiwanja ao ukingoni mwa mto, na kungoja dakika chache. Alama ikirukaruka chini ya miti, usiifuate kwa upofu.

La pili ni mchoro wenyewe. Programu hizo zinatumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea ulimwenguni, mara nyingi kwa kutazama picha za satelaiti. Picha haipenyi majani. Kanjia kanachopita chini ya pori kubwa kanaweza kukosekana, na daraja la miti lililobebwa na maji linaendelea kusimama kwenye kioo. Ramani inakuambia uko wapi. Mwenyeji njo anakuambia kama kuna kupita.

Kujua na kujulikana

Tuseme motari ameanguka kwenye njia ya Punia, mguu umevunjika, jua linazama. Telefoni yake inamuonyesha pahali alipo bila kukosea sana. Lakini kule Lubutu hakuna anayeiona alama ile. GPS inamjulisha yeye peke yake. Ili watu waje, lazima habari itoke, na kwa kutoka inahitaji njia ingine.

Njia ya zamani ni foni. Mawimbi yake yanapanda mpaka tabaka la juu la anga na kurudishwa chini, mamia ya kilomita mbali. Njo maana, mbele ya antene za telefoni, hospitali, misheni na wachuuzi wa Mashariki walisemezana kwa foni, na bado kuna pahali inafanya kazi. Inahitaji batri, pano ya jua, na mtu anayejua kwamba frekwensi ya mchana si ile ya usiku. Tena inahitaji saa ya makubaliano. Foni inayoita wakati hakuna aliyekaa upande wa pili ni kelele tu. Na hakuna siri humo: kila mwenye chombo anasikia.

Wazee wanakumbuka lokole. Ngoma ile ya mti ilipeleka habari ya kifo ao ya mgeni kutoka kijiji mpaka kijiji kingine. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu juu ya lugha ya ngoma hizo kwenye mwaka 1949. Nguvu ya lokole haikuwa sauti peke yake. Katika kila kijiji kulikuwa mtu wa kusikia na kupiga tena.

Telefoni za satelaiti, kama Thuraya na Iridium, zinapita pale antene haifiki. Lakini bei yake ni ya mashirika, si ya motari, na zinataka anga wazi. Starlink nayo imekuwa na historia yake kwetu. Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ilikataza matumizi yake, na wakubwa wa jeshi walihofia kwamba waasi wangeitumia. Mwezi wa tano 2025, kampuni ikapewa ruhusa ya kazi. Sahani moja na pano za jua zinaweza kutoa kituo cha afya kwenye kimya. Lakini sahani inahudumia pahali ilipowekwa. Motari aliye katikati ya vijiji viwili bado yuko peke yake.

Wakati wa vita

Lubutu iko kwenye barabara ya taifa namba 3, inayotoka Kisangani kuelekea Bukavu kwa kupitia Walikale. Mwezi wa tatu 2025, M23 waliingia Walikale-centre, na kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa ine. Kwa siku zile, mtu aliyeshinda porini bila rezo hakuweza kujua barabara iliyo mbele yake iko mikononi mwa nani. Aliyesikia uvumi aliweza kukimbia bure. Asiyesikia aliweza kuingia hatarini.

Wakati huohuo vyombo vyenyewe vinaleta mashaka. Kwenye bariere, telefoni ya satelaiti ao ramani yenye alama nyingi inaweza kumfanya mwenyewe aitwe mpelelezi. Anayesafiri kwa kazi ya afya ao ya shirika atembee na ordre ya misheni na karatasi za chombo, na asipige picha karibu na askari.

Kaye kwenye parking

Kwa hiyo ulinzi wa bei ndogo unaanza mbele ya kuwasha pikipiki. Mtu mmoja aachiwe njia, kijiji cha kulala, siku ya kufika, na saa ya kuanza kutafuta kama hakuna habari. Kwenye kila kijiji, msafiri aseme jina lake na aendako. Anayekutana naye njiani akielekea Lubutu abebe ujumbe. Komunike ya redio inaweza kufikia kijiji kisicho na rezo, ijapokuwa jibu lake litarudi kwa miguu. Kila parking ya wamotari inaweza kuwa na kaye ya waliotoka na waliofika. Bei yake ni kaye na biki.

Hiyo haiondoi deni la serikali. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 iliweka mfuko wa maendeleo ya huduma kwa wote, ili mawasiliano yafike hata pale makampuni hayaoni faida. Wakaaji wa Bitule na Obokote wana haki ya kuuliza wakubwa wao: antene gani imepangwa huku, na mwaka gani? Na mpaka antene ije, kituo gani cha afya kina foni inayosikilizwa saa ngapi?

Jibu la maswali hayo litachukua muda. Kaye inaweza kuanza kesho asubuhi, na mstari wa kwanza ni wa motari anayeenda Punia.