Bodaboda Kadakwa, Abiria Je?
Trafiki akimdaka bodaboda aliyejichomeka kwenye njia ya mwendokasi pale Magomeni, kapakia mishikaki, kofia ngumu kaitundika kwenye kioo, sote tunashangilia: akome! Sawa, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina mjomba, na basi la mwendokasi halimsubiri mtu. Ila abiria aliyekuwa akimhimiza “kaza, nachelewa” anashuka, anajikung’uta vumbi na kuita pikipiki nyingine. Mwenye chombo naye, jioni anadai hesabu yake ileile, mvua inyeshe au jua liwake. Dereva alale ndani, kajitakia. Lakini adhabu ikiishia kwake peke yake, kesho njia ileile itapata kijana mwingine, mbio zilezile, kwa haraka za watu wengine.