Mchezaji Huondoka, Klabu Hubaki

Kila msimu wa usajili huja na kilio chake. Mpenzi wa mpira huamka asubuhi akasikia kwamba yule aliyemshangilia miaka mingi amekwisha kuvaa jezi ya wengine. Uchungu huo si wa kuchekwa. Mtu hatoi nauli na kiingilio chake, akakaa juani tangu saa sita, ila kwa jambo alipendalo kwa dhati.

Wapenzi wa Simba waliuonja uchungu huo Julai 2024, Yanga ilipomtangaza Clatous Chama kuwa mchezaji wake. Hakuwa mpita njia. Mzambia huyu alifika Msimbazi mwaka 2018, na Desemba mwaka huo bao lake la dakika za mwisho dhidi ya Nkana liliipeleka Simba kwenye makundi ya Klabu Bingwa Afrika. Machi 2019 aliifunga AS Vita, Simba ikaingia robo fainali. Alipouzwa kwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 wapenzi walihuzunika, na aliporudi Januari 2022 walimpokea kwa shangwe. Safari ya Morocco ilisameheka. Ya kutoka Msimbazi hadi Jangwani, ambayo mtu aweza kuimaliza kwa miguu, wengi hawakuisamehe. Wakamwita msaliti.

Sisi tunasema neno hilo si la haki. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na aliyemaliza mkataba hadaiwi. Tena tukumbuke historia. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1936 baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu iliyokuja kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Ikiwa kuhama ni usaliti, basi Simba yenyewe ilizaliwa na usaliti. Hakuna mwanachama wa Msimbazi atakayelikubali hilo, wala hana sababu ya kulikubali.

Mwenye hasira na awe nayo kwa wakati wake. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kufanya mapatano na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi sita. Kwa hiyo anayefoka Julai amechelewa. Januari ndipo mwanachama wa klabu yoyote anapopaswa kuwauliza viongozi wake: Je, huyu tunamhitaji? Ikiwa ndiyo, mkataba mpya uko wapi? Ikiwa sivyo, mbona haukutafutwa mnunuzi mapema? Maswali hayo huijenga klabu. Matusi hayajengi kitu.

Yaliyofuata ni fundisho. Msimu wa 2024/25 Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi. Lakini Simba nayo, bila Chama, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu mwaka 1993. Ilishindwa na RS Berkane, lakini ilikwisha kuonyesha kwamba pengo la mtu mmoja huzibwa na wengine wakijituma.

Mpenzi wa mpira ana haki ya kulia. Hana haki ya kumtukana mtu kwa kubadili mahali pa kazi, sembuse kuwaingiza wazazi na watoto wake. Kipenzi chake wa jana akiingia uwanjani na jezi ya wapinzani, na ampigie makofi kwa mema aliyoyatenda. Kisha aketi, aombe mchezaji huyo afungwe mabao matatu. Huo ndio ushabiki.