Hizo sifa za Kiingereza kwenye barua yako ni kupiga debe tu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, beshte yangu alinishauri nisiondoke mikono mitupu, angalau nitafute barua ya mapendekezo. Nikamwendea mhadhiri aliyenifunza mihula mitatu. Hakuniuliza hata jina. "Andika mwenyewe uniletee, nitatia sahihi."

Nikaingia saiba nikajimwaga. "Hardworking." "Self-motivated." "Team player." "Works well under pressure." Nikamalizia na ile ya wakubwa, "I highly recommend him without any reservation." Yaani nilijipendekeza mwenyewe, na kwa Kiswahili kujipendekeza ni tabia ya kuchekwa mtaani. Mhadhiri alitia sahihi akiwa amesimama. Sidhani alisoma.

Nilitembeza hiyo barua mjini miezi minne. Kazi ya kwanza niliipata kwenye kibanda cha simu pale Luthuli, na mwenye kibanda hakufungua bahasha. Aliniuliza huwa nakula wapi. Nikamtajia mama wa chapo karibu na ploti yetu, akachukua namba yake. Baadaye mama mwenyewe ndiye aliniambia alichomjibu: "Huyo akikopa Jumatatu, Ijumaa amelipa. Akikuibia, njoo kwangu."

Hakuna sifa hata moja hapo. Hakusema mimi ni mchangamfu wala mbunifu. Lakini alijiweka katikati yangu na hasara ya mtu mwingine, na hiyo ndiyo ilinipa kazi.

Kinachonishangaza ni kwamba maneno ya Kiingereza yenyewe yalianza yakiwa na uzito huo huo. "Endorse" inatokana na neno la Kilatini la mgongo. Ilikuwa ni kutia sahihi nyuma ya hundi au hati ya deni, na sahihi hiyo haikuwa mapambo. Ukishaitia umejifunga kwamba anayetakiwa kulipa asipolipa, utadaiwa wewe. "Recommend" nayo ina mzizi wa kukabidhi, kuweka kitu mikononi mwa mwenzako. Leo mtu maarufu ana-endorse mafuta ya nywele akiwa amevaa wigi, na sisi tunapiga like.

Kiswahili kimetusaidia kwa kutenganisha hayo mambo mawili. Kuna kumpigia mtu debe na kuna kumdhamini. Mpiga debe wa stage unamjua: anaita watu mpaka sauti inakauka, gari linajaa, analipwa chake, halafu anabaki pale pale. Breki zikikataa huko mbele, yeye tayari anaita ya pili. Mdhamini ni kitu kingine. Uliza yeyote aliyemdhamini rafiki kwa mkopo wa sacco halafu rafiki akazima simu. Akiba yake ndiyo inakatwa.

Barua nyingi tunazobeba kwenye faili za plastiki ni za mpiga debe, zimeandikwa kwa lugha ya mdhamini.

Na si ugonjwa wa Kenya pekee, wala si wa juzi. Mwaka wa 1777 Benjamin Franklin alikuwa Paris, na watu walimsumbua sana wakitaka barua za kwenda nazo Marekani. Akatunga mfano wa barua ya kumpendekeza mtu usiyemfahamu kabisa. Ndani yake anakiri wazi kwamba hamjui huyu bwana, na kuhusu tabia yake anamwambia msomaji amuulize mwenyewe, kwa sababu bila shaka anajijua vizuri zaidi. Mimi ningeipenda hiyo barua kuliko ile niliyojiandikia. Angalau ilisema ukweli.

Kuna upande mmoja lakini haunichekeshi. Siku moja niliweka cheti changu cha kumaliza sekondari kando na cha dadangu, tukasoma ile sehemu ambayo mwalimu mkuu anaandika kuhusu uwezo, bidii na tabia. Mimi, niliyefukuzwa nyumbani mara mbili nilete mzazi, nimeandikiwa kwamba nina kipaji cha uongozi. Dadangu, aliyenipita kwa alama na alikuwa kapteni wa bweni, ni "obedient and hardworking". Hapo ni mwisho. Mtiifu na mwenye bidii, kama punda.

Nilidhani ni bahati mbaya hadi niliposoma kuhusu Frances Trix na Carolyn Psenka. Mwaka wa 2003 walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizopendekeza watu wa kufundisha katika chuo cha udaktari huko Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, na zilibeba zaidi maneno ya bidii na yale yanayotia shaka kichinichini. Kwa hivyo "hardworking" si neno tupu tu. Wakati mwingine ni njia ya adabu ya kukwepa kusema mtu ana akili.

Najua mtaniambia hizo barua bado zinaitishwa na huwezi kupeleka chapo kwa meneja. Sawa. Lakini anayekuandikia anaweza kuandika kitu alichoona kwa macho yake. "Alishika keshi ya duka miezi sita na hesabu haikupungua" ni sentensi moja, na meneja anaweza kuiuliza maswali. "Dynamic" utaiuliza nini?

Mwezi jana binamu yangu wa kike aliniomba nimwandikie barua ya kazi ya mapokezi. Alitaka ile ya Kiingereza kizito. Nikamwandikia mistari minne: kwamba alisimamia mauzo ya mitumba ya mamake tangu akiwa kidato cha tatu, kwamba alikataa bei ya broka mmoja na akaniambia sababu kwa hesabu ambayo mimi sikuwa nimeiona, na kwamba akiharibu kitu wanipigie. Chini nikaweka namba yangu.

Akaisoma, akaniuliza, "Sasa 'hardworking' iko wapi?"

Hajaituma bado.