Leza haimngojei mtoto darasani
Vijana wengi hapa Mombasa siku hizi wanaulizia upasuaji wa macho kwa leza ili waachane na miwani. Sipingi. Leza huichonga konea, lile tabaka angavu la mbele ya jicho, na asiyeona mbali akaona. Lakini si tiba ya mtoto: huanzia miaka 18, namba ya miwani ikishatulia. Na ukivuka 40, ya kusomea huenda ukaihitaji vilevile.

Kwa hivyo wazazi wenzangu, mtoto anayefinya macho kuutazama ubao apimwe sasa, avae miwani bila kuona haya. Na tuwaache wacheze nje mchana: utafiti umeonyesha hupunguza hatari ya tatizo hili, na mwanga hauuzwi.