MAONI YETU: TUCHORE WENYEWE NJIA YA KAZI



Katika mkutano wa tawi hapa Karatina ndugu kadha walisimama wakauliza: hawa mabwana wenye kalamu na saa wanaopita kiwandani, wakiandika kila hatua tunayopiga, wanataka nini? Swali hilo lilikuwa la haki, na sisi tulioketi mezani hatukulijibu vizuri siku ile. Tunalijibu leo.

Wanachora ramani ya kazi. Ni picha ya njia inayopitwa na kitu kimoja tangu mwanzo wa kazi hata mwisho. Penye kazi hutiwa duara, penye kubeba mshale, penye kukagua mraba, penye kuweka ghalani pembe tatu, na penye kungoja herufi D. Jambo hili si geni. Bwana Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliwaeleza wahandisi wa Marekani habari zake mwaka 1921. Gilbreth huyu alianza maisha yake kwa kujenga matofali, akaona kwamba mwashi huinama kwa kila tofali moja. Akatengeneza jukwaa la kupandishwa pamoja na ukuta, na miondoko ya kuweka tofali moja ikapungua kutoka 18 hata kama 5. Mgongo wa mwashi ukapata nafuu, na tajiri akapata ukuta upesi. Lakini mwaka 1911, wasubu wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, waligoma walipoletewa saa ya kupimia kazi yao. Basi kazi yaweza kuandikwa kwa faida ya mtu, na yaweza kuandikwa ili akamuliwe.

Tuchukue jani la chai. Wilaya yetu inalijua tangu kiwanda cha Ragati kilipofunguliwa mwaka 1957, cha kwanza cha wakulima wadogo katika Kenya. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, hubeba mgongoni hata bandani, hupanga foleni, karani hupima. Hapo jani hungoja lori. Likishindiliwa katika gunia huanza kupata moto na kugeuka jekundu, na bei yake hupotea hapo hapo, kabla ya mfanyakazi yeyote wa kiwanda kuligusa. Kisha kiwandani: kupimwa tena, kunyaushwa, kukatwa, kuachwa ligeuke rangi, kukaushwa, kuchujwa, kutiwa magunia, safari ya Mombasa mnadani.

Katika kiwanda kimoja ambacho hatukitaji, vibarua wa zamu ya usiku waliambiwa ni wavivu. Ndugu zetu watatu walichukua karatasi ya kalenda ya zamani wakachora nyuma yake. Ikaonekana kwamba malori yote yalikuwa yakiondoka saa ile ile na kurudi saa ile ile, na mzani wa kupokelea ulikuwa mmoja. Watu walikaa bure tangu jioni, halafu wakaambiwa wakimbie hata alfajiri. Saa za malori zikabadilishwa. Hakuna mashine iliyonunuliwa, wala mtu aliyefukuzwa. Na tuseme kweli, D moja ilikuwa yetu wenyewe: ufunguo wa ghala ulikuwa ukienda kula nyumbani, mfukoni mwa mwanachama mmoja!

Tunajua hofu iliyopo. Mei 2023 huko Kericho mashine za kuchuma chai zilichomwa moto, kwa sababu watu waliona riziki yao inaondoka. Wazee wa hapa Karatina nao walikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kulisha majeshi wakati wa Vita ya Pili. Vita ilipokwisha kikafungwa, na wakulima waliotaka kiendelee hawakupewa.

Kwa hiyo Chama hakikatai ramani. Tunakataa kuchorwa kama ng'ombe wa mnada. Mwenye kuajiri akileta mpimaji, mwakilishi wetu aketi naye, na karatasi ibandikwe ukutani ambapo kila mtu ataisoma. Mapatano yaandikwe kwanza kwamba faida itafika kwenye mshahara pia. Akitaka kupunguza watu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka akijulishe Chama na ofisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja kabla, na amlipe kila anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Ndugu asiyejua hili hutia sahihi chochote anachopewa.

Kila idara ichague watu wawili, mmoja wao awe kibarua, maana kibarua ndiye anayejua mahali pa kungoja. Karatasi yoyote yatosha, hata penseli. Michoro iletwe kwa karani wa tawi kabla ya mkutano ujao, na majina ya wachoraji yasiandikwe juu yake.

Halmashauri ya Tawi