Kalori za Saa ya Mkononi: Usizile Zote!

Leo nina neno kuhusu tarakimu inayopendwa sana na wanaofanya mazoezi hapa Embu na Meru: kalori zilizochomwa. Mimi ni mwandishi wa programu, na msimamo wangu ni kwamba tarakimu hiyo haifai kuaminiwa kama salio la M-Pesa.

Kwa nini? Kwa sababu saa haipimi kalori. Inapima mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, kisha inakisia kwa fomula yenye uzito, umri na jinsia yako. Kipimo cha kweli ni pumzi: unavaa barakoa, mashine inapima oksijeni unayotumia. Lita moja ni takriban kalori 5.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo, vifaa 6 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu zaidi asilimia 93! Kwa mazoezi ya kalori 300, hilo ni kosa la kalori 81 hadi 279, yaani kutoka ndizi mbivu moja ndogo hadi kama tatu.

Tuje nyumbani. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni vya wanawake wa Kenya: Wajaluo waliobeba mzigo kichwani, na Wakikuyu waliobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso, kama wanavyobeba kuni akina mama wa huku kwetu. Mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Fomula gani ya simu inayajua hayo? Tena mkono ulioshika kamba haupungi, kwa hiyo saa yaweza kuruka hatua.

Si mzaha. Kuna mwenye kisukari anayepanga sahani yake kwa tarakimu hiyo.

Waandishi wenzangu, acheni kuandika "kalori 312". Andikeni "kati ya 220 na 400". Nawe msomaji, tumia saa kujilinganisha na wewe wa wiki jana kwenye njia ileile. Habari za chakula, muulize daktari na mizani.

Wewe waonaje?